Ufunguo wa Shule: Tangu Mapatano ya 1906 hata Leo



Katika siku hizi za yubile tunahesabu watu waliobatizwa, ndoa zilizobarikiwa na kapela zilizojengwa. Lakini kando ya kanisa kuna nyumba nyingine, ambayo wengi wetu tuliingia humo hata kabla ya kupokea Komunyo ya kwanza: ndiyo shule. Yafaa tukumbuke ni nani walioushika ufunguo wake, maana jambo hilo latuhusu hata leo.

Tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu na Leta ya Mfalme Leopold II walifanya mapatano. Leta ilitoa udongo bila malipo, hekta 100 hadi 200 kwa kila misioni. Misioni nayo iliahidi kufungua shule kadiri ya uwezo wake, kufundisha kilimo na kazi za mikono, na kumjulisha Gavana Mkuu mpango wa mafundisho. Tangu siku ile mikono miwili ilishika mlango mmoja.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alisoma kwa Mapadri Weupe, akapewa upadri huko Baudouinville, ndiyo Moba, tarehe 21 Julai 1917. Alikuwa padri mzalendo wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu. Lakini tusifiche kasoro. Fedha za Leta zilitolewa kwa misioni za Kibelgiji, hasa za Wakatoliki. Ndugu zetu Waprotestanti walingoja hata baada ya vita ya pili ya dunia. Tena wasichana waliachwa nyuma, na shule za juu zilichelewa mno. Mwaka 1960, siku ya uhuru, nchi ilikuwa na mapadri wazalendo kwa mamia, bali walei waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30.

Toka 1954, waziri Auguste Buisseret alifungua shule za Leta zisizo za dini kwa watoto wa Kongo. Maaskofu waliona uchungu. Wazazi wengi, kinyume chake, walifurahi kupata njia ya pili. Ugomvi ule ulitoka Ubelgiji, nao watoto wetu wakawa katikati. Tembo wawili wakipigana, majani ndiyo yanayoumia.

Mwisho wa mwaka 1974, Serikali ya Rais Mobutu ilitwaa shule zote. Misalaba iliondolewa ukutani, na mafundisho ya dini yakaachia nafasi mafundisho ya chama cha M.P.R. Lakini kutwaa ni jambo moja, kulea ni jambo jingine. Mali ilipotea, adabu ikalegea, na tarehe 26 Februari 1977 Serikali ikatia sahihi mapatano mapya na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangisti. Serikali ilibaki mwenye shule: yapanga mafundisho, yakagua, yalipa walimu. Kanisa lilirudishiwa uongozi wa kila siku.

Ndipo ukaja mkono wa tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukutosha hata kununua unga, na shule zikafungwa kwa mgomo. Wazazi walianza kumlipa mwalimu wenyewe. Mama aliuza muhogo, baba akauza mbuzi, na shule ikasimama. Lakini mtoto wa maskini alifukuzwa darasani kwa ajili ya deni, hata katika shule zetu zenye jina la mtakatifu. Hili nalo ni la kuungama katika yubile.

Katiba ya 2006 ilisema kwamba shule ya msingi ya Serikali ni ya bure; ahadi hiyo ilianza kutimizwa Septemba 2019. Watoto walijaa madarasani, na tumshukuru Mungu. Lakini wako walimu walioendelea kufundisha bila kuandikwa katika orodha ya mishahara.

Basi, nani ashike ufunguo? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Tuliyoyapitia yanathibitisha hivyo. Misioni ilikuwa na ufunguo bila kumwuliza mzazi. Serikali ilitwaa ufunguo bila kubeba mzigo. Mzazi alibeba mzigo bila kupewa ufunguo. Kila mara aliyeumia ni mtoto.

Kwa hiyo tusiombe kwamba Kanisa litawale peke yake. Tuombe Serikali imlipe kila mwalimu anayefundisha. Sisi nasi, padri, direkta na kamati ya wazazi, tufungue daftari la fedha mbele ya wote, na neno la mzazi lisikilizwe. Shule ya namna hiyo itakuwa sadaka yetu ya shukrani kwa wale waliotutangulia.

Mungu aibariki parokia yetu na watoto wake.