Kisima Kando ya Mlango



Miaka kadhaa iliyopita tulifika katika parokia moja ya Kyerwa, ambako kanisa la zamani lilikuwa limebomolewa kulipisha jipya. Nyuma ya jiko la mapadre tulikuta kisima cha ubatizo cha jiwe kimelazwa chini ya migomba, kuku wakinywa maji ya mvua ndani yake. Katika kanisa jipya, lililo zuri kweli, watoto walibatizwa kwa beseni la plastiki juu ya meza. Ubatizo ule ulikuwa halali kabisa, wala mzazi yeyote asitie shaka. Hata hivyo tulihuzunika.

Wakristo wa kwanza hawakuwa na visima, mto uliwatosha. Chumba cha kale sana cha ubatizo kilifukuliwa huko Dura-Europos, nchini Syria. Ni cha karne ya 3, na birika lake, lililofunikwa kwa kuba dogo juu ya nguzo, lafanana na kaburi. Mtume Paulo alikwisha kuwaandikia Warumi kwamba tulizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo. Katika karne ya 5, Papa Sixtus III aliijenga upya nyumba ya ubatizo ya Laterano, kule Roma, kwa pembe nane. Nane ni hesabu ya siku ya Ufufuko, inayofuata siku saba za juma. Na hapa hapa Afrika, huko Kelibia nchini Tunisia, lilifukuliwa birika la karne ya 6 lililopambwa kote kwa vijiwe vya rangi. Mabirika ya namna hiyo yalichimbwa chini ya sakafu: mtu alishuka majini, kisha akapanda kutoka kaburini.

Wabatizwa walipokuwa karibu wote watoto wachanga, birika nalo lilipanda kutoka ardhini, likawa bakuli la jiwe juu ya mguu. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza visima vifungwe kwa kufuli kwa kuhofia uchawi, kwa maana maji yaliyobarikiwa yalitunzwa humo. Wanaodhani ushirikina ni wa Waafrika peke yetu na wasikie hilo! Kitabu cha Ibada cha Roma cha mwaka 1614 kilidai pia uzio na mlango wa kufungwa.

Huo ndio utaratibu waliokuja nao Mapadre Weupe, waliofungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Kwa agizo la Kardinali Lavigerie, aliyetaka ubatizo alisubiri miaka minne. Mtu aliyesubiri hivyo alijua maana ya kifuniko kilichofungwa, na maana ya siku kinapofunguliwa.

Twajua, kisima si sharti la neema. Mwaka 1886 kule Munyonyo, Karoli Lwanga alimbatiza kijana Kizito na wenzake wakiwa wanangoja kuuawa, pasipo padre wala jiwe. Twajua pia kwamba katika vilima vya Karagwe maji hupandishwa kutoka bondeni kichwani mwa mama, na kigango chenye beseni moja safi kimefanya kilichowezekana. Lakini parokia ni jambo jingine. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 858, yataka kila kanisa la parokia liwe na kisima. Beseni hurudi jikoni baada ya Misa. Kisima hubaki, na mtoto akikua huonyeshwa: hapa ndipo ulipozaliwa.

Tulizungumza na kamati ya ujenzi. Mzee mmoja, katekista mstaafu, aliinama akapapasa ukingo wa jiwe lile, akatuonyesha tundu mbili zilizoshika bawaba za kifuniko. Alibatizwa humo yeye, na watoto wake wote. Vijana wanne walikinyanyua juma lile lile. Hadi tunaondoka walikuwa wakibishana kama kikae karibu na altare au mlangoni. Sisi tulisema mlangoni.