Mimi Naangalia Lori
Wasee, msafara wa jeshi ukipita Minjila, nyinyi mnapiga picha za deraya. Mimi naangalia lori.

Februari 1941, Waingereza, wakiwa na vijana wetu wa KAR, walivuka kutoka upande wa Tana wakaiteka Mogadishu tarehe 25. Nani alibeba maji na petroli kwenye ile nyika yote? Lori, lakini masanamu tunawajengea majenerali, sawa tu.

Baada ya Mpeketoni, 2014, mabasi ya Garsen–Lamu yakawa yanasindikizwa na askari. Sasa fikiria mvua, tope jeusi, gari la mbele limezama. Msafara wote unasimama, na abiria ndani. Hapo kifaru hakikusaidii. Unataka breakdown ya jeshi, yenye winchi, ivute haraka. Bajeti ikisomwa, mimi naulizia hizo kwanza.