Macho ya Mpenzi Kwenye Nyimbo za Kihindi: Mstari Mtamu Uliotoka Kwenye Shairi Chungu

Weka nyimbo kumi za mapenzi za muvi za Kihindi za zamani, halafu hesabu ngapi zitaisha bila mtu kusifiwa macho. Chache mno.

Kwa miongo mingi busu lilikuwa adimu kwenye sinema za India, kwa hiyo jicho ndilo lililotongoza, likanuna, likaaga. Ila mchezo huu ulianza zamani kabla ya sinema. Kwenye ghazali za Kiajemi na Kiurdu nyusi ni upinde, kope ni mishale, na anayependa keshachomwa tayari. Watunzi wengi wa nyimbo za muvi walikuwa washairi wa Kiurdu, wakahamia studio za Bombay na silaha zao zote. Hata maneno yao hayako mbali nasi: nazar na ishq ni ndugu wa nadhari na ashiki, wote asili yao Kiarabu.

Sasa chukua Teri Aankhon Ke Siva, wa muvi ya Chirag, 1969. Ile kauli kwamba duniani hamna cha maana zaidi ya macho ya mpenzi haikutungwa kwa ajili ya sinema. Mtunzi wa wimbo, Majrooh Sultanpuri, aliitoa kwenye shairi la Faiz Ahmed Faiz, lililomo kwenye kitabu cha 1941. Faiz alikuwa Mpakistani, na India na Pakistan zilikuwa zimepigana vita 1965, miaka minne tu nyuma. Mstari ukavuka mpaka hivyo hivyo.

Kinachoshangaza ni kwamba kwenye shairi lenyewe jamaa hatongozi. Anamwambia mpenzi asimdai tena penzi kama la mwanzo. Enzi zile, kweli, aliona macho yale tu. Sasa ameona miili ya watu ikiuzwa sokoni, ameona damu na maradhi, na hawezi tena kujifanya hajaona. Yaani mstari ambao wapenzi wanauona ahadi, kwa Faiz ulikuwa kumbukumbu ya mtu anayerudi nyuma.

Na muvi nayo haikuuacha salama. Mohammed Rafi anauimba kwa raha zote. Baadaye mke anapata upofu, na wimbo unarudi kwa sauti ya Lata Mangeshkar, safari hii ni majonzi matupu. Macho yaliyosifiwa hayamwoni tena aliyeyasifia.