Mpaka Usioonekana kwa Macho

Msafiri atokaye Mahonda, penye mashamba ya miwa, akashika njia ya Kinyasini hadi akaisikia bahari ya Kiwengwa, haoni ukuta wala boma. Hata hivyo amekwishavuka mipaka. Mipaka hiyo imo katika ramani ya Tume ya Uchaguzi, na wino wake umepata kuitikisa nchi hii.

Uchaguzi wetu wa mwanzo, wa Julai 1957, ulikuwa na viti sita tu: vinne Unguja, viwili Pemba. Januari 1961 majimbo yakawa 22. A.S.P. ilipata 10, Z.N.P. 9 na Z.P.P.P. 3; Chake Chake ikaamuliwa kwa kura moja. Wale watatu wa Z.P.P.P. wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, pande zote zikawa na 11, na serikali ikakosa kuundwa. Ndipo likaongezwa jimbo la 23, huko Pemba, ukaitishwa uchaguzi wa pili. Katika fujo za Juni hiyo watu 68 walipoteza maisha.

Julai 1963 majimbo yalifika 31. A.S.P. ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu, Z.N.P. na Z.P.P.P. kwa pamoja wakapata 18. Kura za A.S.P. zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na wingi huo haukuizalia kiti cha ziada. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Mapinduzi yalikuwa na sababu nyingi, nasi hatuwezi kuyabebesha majimbo peke yake. Lakini waliohisi kuwa kura zao zimehesabiwa zisipimwe walikuwa wengi.

Vyama vingi viliporejea, uchaguzi wa 1995 ulikuwa na majimbo 50: Unguja 29, Pemba 21. C.C.M. ilipata 26 na C.U.F. 24. Kabla ya uchaguzi wa 2005 ramani ikachorwa upya: Unguja 32, Pemba 18. Kwa Wapemba wengi hilo lilikuwa pigo la kisiasa. Tuitazame hesabu yenyewe. Sensa ya 2002 ilikuta watu wasiopungua sana milioni moja, na Pemba kiasi cha 362,000. Ukigawa kwa 50, Pemba hupata 18 na sehemu kidogo. Basi hesabu ilisimama, na uchungu nao ulisimama. Wala kimoja hakikukifuta kingine.

Mwaka 2015 majimbo yakawa 54, na manne yaliyozidi yote yakawa ya Unguja. Ndipo jina la Kiwengwa lilipoingia katika orodha ya majimbo. Mwaka 2020 yakarudi kuwa 50.

Katiba ya 1984 inaitaka Tume itazame idadi ya watu, na pia njia za mawasiliano, sura ya nchi na mipaka ya utawala. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, na Pemba 543,441. Kwa majimbo 50 na kwa hesabu tupu, Pemba ingestahiki 14 tu. Je, kisiwa kizima kipunguziwe sauti kwa sababu vijana wake wamehamia Unguja kutafuta riziki, wengine katika mahoteli ya pwani kama hii ya Kiwengwa? Au mkaazi wa Unguja akubali kura yake iwe nyepesi kuliko ya ndugu yake?

Msomaji mpenda tungo anajua kuwa shairi lisilo na mizani huchechemea, na kwamba mizani iliyotimia haitoshi kulifanya shairi liwe na maana. Majimbo nayo ni hivyo. Idadi lazima itimie. Kisha anayekatiwa mpaka lazima aulizwe mapema, aone hesabu kwa macho yake, na amwamini mwenye kushika kalamu. Mwaka 1961 na 1963 imani hiyo ilikosekana, na gharama yake tuliilipa sote.