Vita vya Tanga na majina yasiyoandikwa kwenye mawe

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea kusini kupitia Lunga Lunga huvuka mpaka na kuingia Tanzania pale Horohoro. Baada ya mwendo wa takriban kilomita 65 hufika Tanga. Wengi wanaopita njia hiyo huenda kwa biashara, kuwajulia hali jamaa zao au kuunganisha safari ya Dar es Salaam. Ni wachache wanaofahamu kuwa upande wa mashariki wa mji huo, kati ya mji wenyewe na Ras Kasone, kuna ardhi ambako mapigano ya siku chache mwezi Novemba 1914 yaliamua mkondo wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki.

Mkenya ana sababu ya kupazuru mahali hapo. Kikosi kilichoshindwa Tanga kilipitia Mombasa kabla ya mapigano, na Mombasa ndiko kilikorudi kuuguza majeraha yake. Kushindwa huko kulisababisha vita vilivyotarajiwa kumalizika upesi vidumu kwa miaka minne, na mzigo wa miaka hiyo ukawaangukia Waafrika ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Mjerumani wala Mwingereza.

Bandari na reli

Tanga ilikuwa na thamani kubwa kwa serikali ya Kijerumani. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mjini humo mwaka wa 1893, na kufikia 1911 reli hiyo ilikuwa imefika Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Aliyeimiliki Tanga aliushika mlango wa eneo lote la kaskazini.

Waingereza waliandaa mpango wa kuishika njia hiyo katika ncha zake mbili. Kikosi kimoja kingeshambulia Longido, kusini mwa Namanga. Kingine, chenye wanajeshi takriban 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, kingetua Tanga. Kikosi hicho cha pili kiliondoka Bombay Oktoba 16, 1914 na kufika nje ya Mombasa mwishoni mwa mwezi huo. Wengi wa wanajeshi wake walikuwa wamekaa melini kwa wiki kadhaa, wakidhoofishwa na joto na kichefuchefu cha bahari. Baadhi yao walikuwa wamekabidhiwa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya safari.

Wanahistoria wanaeleza kwamba Aitken alishauriwa kuwatumia askari wa King's African Rifles, walioizoea ardhi ya huku, lakini hakuona haja. Aliamini kuwa askari Waafrika waliokuwa upande wa Wajerumani wasingeweza kusimama mbele ya jeshi lake.

Onyo lililompa adui nafasi

Asubuhi ya Novemba 2, manowari ya Kiingereza HMS Fox iliingia katika ghuba ya Tanga. Nahodha wake, F. W. Caulfeild, alikuja kuarifu kuwa makubaliano ya kutoshambuliana, yaliyofikiwa mwezi Agosti kati ya jeshi la majini la Uingereza na wakuu wa mji, hayatambuliwi tena na serikali yake. Mkuu wa wilaya, Auracher, aliomba muda wa kushauriana na wenzake. Nahodha aliposubiri bila kupata jibu aliondoka kurudi kwenye msafara wa meli. Huku nyuma, habari zilikuwa zimekwisha kupelekwa hadi kwa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, naye akaanza kuwasafirisha askari wake kwa garimoshi kutoka Moshi.

Usiku huo Waingereza walianza kutua Ras Kasone. Shambulio lao la kwanza, alfajiri ya Novemba 3, lilirudishwa nyuma na askari wachache waliokuwa wakiulinda mji. Usiku wa kuamkia Novemba 4, Lettow-Vorbeck mwenyewe aliwasili, akapanda baiskeli na kuzunguka katika mji uliokuwa kimya hadi karibu na bandari, akiangalia mahali pa kuwapanga watu wake. Alikuwa na takriban watu 1,000, wengi wao wakiwa askari Waafrika.

Shambulio kuu lilianza mchana wa Novemba 4. Kutoka Ras Kasone, wanajeshi wa Kihindi na Kiingereza walipenya katika vichaka, minazi na mashamba ya mpira, ambamo mtu hakuweza kumwona mwenzake hatua chache mbele. Upande wa kulia, askari wa Kashmir na wa kikosi cha North Lancashire walivuka njia ya reli na kuingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba. Upande wa kushoto mambo yaliharibika. Vikosi vilipoteana, safu ikavunjika, na Lettow-Vorbeck akatumia nafasi hiyo kuwapiga ubavuni.

Hapo ndipo walipotokea nyuki. Risasi zilizokuwa zikipenya mitini zilivuruga mizinga yao, nao wakawavamia wapiganaji wa pande zote mbili. Baadaye kulizuka uvumi Uingereza kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi. Hakukuwa na mtego wowote, lakini jina la "Vita vya Nyuki" limebaki hadi leo, na mara nyingi ndilo jambo pekee ambalo wageni hulijua kuhusu Tanga.

Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba usiku ule mji ulibaki wazi. Mlio wa tarumbeta ulieleweka vibaya na askari wengi wa upande wa Wajerumani wakarudi nyuma, magharibi mwa mji. Waingereza hawakujua. Siku iliyofuata walirudi melini, wakiwaacha nyuma majeruhi wasioweza kubebeka, mamia ya bunduki na risasi takriban 600,000. Hasara yao ilipita watu 800, wakiwamo waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka. Waliouawa upande wa pili hawakufikia mia moja. Miongoni mwao alikuwa Kapteni Tom von Prince, aliyejulikana kwa wenyeji kama Bwana Sakarani, ambaye miaka mingi kabla ya hapo alishiriki katika vita dhidi ya Mkwawa wa Wahehe.

Aitken aliondolewa katika uongozi. Lettow-Vorbeck alijipatia silaha za kutosha kuendelea kupigana, na pia jina.

Mambo ya kutazama

Anayezuru Tanga leo asitarajie uwanja uliozungushiwa ua na mabango ya maelezo. Mji umekua na kuumeza uwanja wa vita. Ili kuuelewa, ni vyema kuanzia Ras Kasone, kulikotua wanajeshi, kisha kutembea polepole kuelekea mjini, njia ileile waliyoifuata. Mtu akisimama juu ya ufuo na kutazama kingo zilivyoinuka kutoka baharini, ataelewa ugumu wa kupandisha watu, wanyama na mizigo usiku. Akifika ilipo reli, ataona jinsi njia iliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi ilivyomfaa aliyejilinda na kumwadhibu aliyeshambulia.

Njiani, pwani ya bahari, kuna Hospitali ya Bombo, yenye jengo la kale lililojengwa enzi za Wajerumani. Hospitali hiyo ingali inahudumia wagonjwa, hivyo mgeni anapaswa kuheshimu utulivu wake na asipige picha bila idhini. Tahadhari iyo hiyo inafaa bandarini. Mjini, jengo la Boma la kale, lililokuwa ofisi ya utawala wa Kijerumani, lina jumba la makumbusho ambako mgeni anaweza kuomba kuelekezwa na mwenyeji aijuaye historia ya mji.

Kituo muhimu zaidi ni makaburi ya kumbukumbu yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Hapo wanakumbukwa wanajeshi wa kikosi cha Aitken waliokufa katika siku zile. Walioangamia Jasini nao wana makaburi ya kumbukumbu yenye jina la mahali hapo. Jasini ni karibu na mpaka, upande wa pili wa Vanga. Januari 18 na 19, 1915, Lettow-Vorbeck alikizingira kikosi cha Kihindi huko hadi kikasalimu amri. Ushindi huo ulimgharimu maafisa kadhaa na risasi nyingi kiasi kwamba aliamua kuepuka mapigano makubwa. Tangu hapo alivizia, akashambulia na kukimbia.

Gharama iliyofuata

Mbinu hiyo ndiyo iliyovirefusha vita. Waingereza waliitwaa Tanga Julai 1916, lakini adui alikuwa amekwisha kuhamia kwingine. Walimfuata hadi Ureno ya Afrika Mashariki, yaani Msumbiji ya leo, na hatimaye Rhodesia ya Kaskazini, ambako alisalimu amri Novemba 25, 1918 katika mji wa Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia. Habari za kumalizika kwa vita Ulaya zilimfikia akiwa njiani.

Jeshi linalofukuzana na adui katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe, halina budi kubebewa kila kitu na binadamu. Hivyo ndivyo lilivyokuja kuundwa jeshi la wapagazi, Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni mjini Nairobi ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume kujiunga, na mwaka wa 1917 msako mkubwa ukaendeshwa chini ya John Ainsworth. Vijana walitolewa Nyanza, Ukambani, nchi ya Wakikuyu na Pwani. Inakadiriwa kwamba Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka maeneo mbalimbali ya Afrika katika vita hivyo, na kwamba takriban 95,000 walikufa, ingawa wapo wanahistoria wanaoamini idadi hiyo ni ndogo mno. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Jina la jeshi hilo lilibaki katika vinywa vya watu, likawa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Wanunuzi na wauzaji hulitaja kila siku bila kukumbuka asili yake.

Nani aliandikwa?

Hapa ndipo mgeni anapopaswa kujiuliza swali mbele ya mawe ya Tanga. Baada ya vita, kanuni ya tume iliyopewa kazi ya kuwakumbuka waliofariki ilikuwa kwamba kila mmoja atajwe kwa jina lake, bila kubagua cheo wala rangi. Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Wakuu wa tume na wa makoloni walikubaliana kwamba Waafrika wakumbukwe kwa pamoja, kwa sanamu badala ya makaburi yenye majina. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1920 zikasimamishwa sanamu za shaba mjini Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi, katika Kenyatta Avenue, inaonyesha watu watatu, miongoni mwao mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mtu halimo.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ilitoa ripoti ya kamati maalumu iliyokiri makosa hayo. Ripoti ilisema watu kati ya 45,000 na 54,000, hasa Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa njia isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Tangu hapo tume hiyo imekuwa ikitafuta majina katika kumbukumbu za kale, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zinazohusika.

Wajerumani nao walichelewa. Ilikuwa 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, ndipo Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wake wa zamani waliokuwa hai Tanganyika. Inasimuliwa kwamba wengi walifika bila cheti chochote, hivyo wakapewa ufagio mikononi na kuamriwa kwa Kijerumani kuonyesha gwaride la bunduki. Kwa mpagazi aliyekufa njiani hakuna gwaride liwezalo kuthibitisha kuwa aliishi.

Anayenuia kwenda Tanga abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Siku moja kamili inatosha kuzunguka mahali pote palipotajwa. Kabla ya kuvuka mpaka, apitie kwanza sanamu ya Mombasa, kisha afike kwenye mawe ya Tanga na kulinganisha. Na ikiwa kuna mzee katika ukoo anayekumbuka kusimuliwa habari za babu aliyechukuliwa "Kariokor" na asirudi, jina la babu huyo liandikwe sasa, pamoja na kijiji na ukoo wake. Wanaotafuta majina leo hawawezi kuliweka kwenye jiwe jina ambalo hata wajukuu wamelisahau.