Taa za Barabarani Butembo na Beni: Nani Mlipaji?

Katika miji ya Ubelgiji kama Brussels bado zipo taa za barabarani zinazoning'inia kwenye waya uliofungwa ukuta hadi ukuta, juu ya vichwa vya wapita njia. Taa ya namna hiyo inataka vitu vitatu: nyumba imara pande zote mbili, gridi ya umeme, na manispaa inayolipa. Wabelgiji walitawala Kongo hadi 1960, lakini Butembo, mji wa Kivu Kaskazini uliokuzwa na dhahabu, kahawa na maduka, ulikaa miongo mingi bila gridi ya umma. SNEL, shirika la taifa la umeme lililoundwa mwaka 1970, halikuumulika.

Basi wakazi wakatundika waya wenyewe. Kwa kuwa Ikweta iko jirani, giza huingia mapema jioni, mwaka mzima. Mwenye jenereta huiwasha, kisha waya mwembamba hupita paa kwa paa, au juu ya miti ya mikaratusi iliyochongwa kuwa nguzo, hadi kwa majirani wanaolipa kwa idadi ya balbu. Aliye karibu na mashine hupata mwanga mweupe. Aliye mwisho wa waya huona balbu nyekundu kama kaa la moto. Barabara yenyewe hupata mabaki: taa ya mlango wa duka. Mwenye duka akifunga, njia huzimika.

Wafanyabiashara wa Butembo waliwahi kuota kujenga bwawa la umeme kwenye mto Semuliki. Mlango wa kisheria ulifunguka kwa Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, iliyoruhusu kampuni binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Katika Kivu Kaskazini maji ya milimani yalikuwa yameshaanza kutumika: mtambo wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mwaka 2013. Baadaye ukafuata wa Matebe, Rutshuru, wa megawati 13 na ushei, mwaka 2015, kisha Luviro, Lubero. Mjini Butembo, kampuni ya Énergie du Nord-Kivu nayo ikasimika nguzo zake.

Katika mji jirani wa Beni, taa ni suala la uhai. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yamefanya watu wawahi kurudi nyumbani kabla ya usiku. Taa za sola zina faida yake hapo, kwani kila nguzo hubeba paneli na betri yake, wala haingoji waya. Lakini betri huchoka baada ya miaka michache, na isipobadilishwa, nguzo hubaki pambo.

Kwa hiyo komyuni za Kimemi na Vulamba mjini Butembo, Mulekera mjini Beni, na nyinginezo ziandike daftari la kila taa: nani aliiweka, nani anailipia, nani atanunua betri ijayo. Taa isiyo na mlipaji isizinduliwe.