Picha za utupu kwenye simu: sheria inasema nini?

Picha moja iliyotumwa usiku kutoka mtaa wa Kinanira, kusini mwa jiji la Bujumbura, yaweza kufika Ngozi, Kigali na Nairobi kabla ya alfajiri. Aliyeituma alimwamini mtu mmoja. Watakaoitazama ni mamia. Vijana wengi huona kutumiana picha za utupu kuwa siri ya wawili. Sheria na jamii hulitazama jambo hilo kwa jicho jingine.

Nchini Burundi

Katiba ya mwaka 2018 inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Kanuni ya Adhabu, iliyorekebishwa tarehe 29 Desemba 2017, inaadhibu usambazaji wa picha zinazokiuka maadili. Sheria Namba 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022 inahusu uhalifu wa mitandaoni, zikiwemo picha za ngono za watoto. Aliyekubali kupigwa picha hajakubali isambazwe. Na anayeonekana akiwa mtoto, kukubali kwake hakumpi mwingine ruhusa ya kuihifadhi wala kuituma.

Katika nchi jirani

Kenya, kwa sheria ya mwaka 2018, humtoza anayesambaza picha ya faragha ya mwenzake faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa picha za ngono kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2014 iliwafanya wanawake waliovujishiwa picha zao watishiwe kukamatwa wao wenyewe. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake vikuu.

Mzigo wa aibu

Katika jamii, aibu humwelemea zaidi msichana aliyeonekana kuliko mvulana aliyesambaza. Wapo wanaoacha shule, wanaohama mtaa na wanaotengwa na ndugu. Wengine hutishwa: lipa, au picha itafika kwa wazazi. Kulipa hakumalizi vitisho, kwa maana picha inabaki mikononi mwa mtishaji.

La kufanya

Anayetishwa asilipe wala asifute ujumbe. Ahifadhi namba ya simu, maneno na tarehe, amweleze mtu mzima anayemwamini, kisha apeleke malalamiko polisi au kwa mwendesha mashtaka. Mjini Bujumbura, Kituo cha Seruka hupokea waliofanyiwa ukatili wa kingono.

Huduma ya StopNCII, iliyoanza mwaka 2021, huwasaidia watu wazima kuzuia picha zao katika mitandao inayoshirikiana nayo. Take It Down, ya mwaka 2023, inahusu picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Zote mbili hutumia alama ya utambulisho wa picha, na picha yenyewe haitoki kwenye simu ya mwenyewe.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yanaweza kuzuiwa yasienee. Aliyepokea picha ya namna hiyo asiipeleke mbele: anayeisambaza naye ni mshiriki wa kosa.